Nirudishieni Adui Wangu

Siku Pasi alipomwamkia kwa adabu, Bi Mkasi alijua kwamba kweli anakufa.

Daktari alikuwa amekwisha kumwambia siku chache kabla, kwa ile sauti ya taratibu ya watu waliosomea kutoa habari mbaya huku wakizungushazungusha kiti. Saratani ya kongosho. Imesambaa. Tuzungumzie miezi, mama, tusizungumzie miaka. Bi Mkasi alimsikiliza macho yakiwa kwenye lile koti jeupe la kidaktari, ambalo bega moja lilishonwa chini kuliko jingine, akajisemea moyoni: mtu anayethubutu kutembea hivi mchana kweupe anaweza kukosea chochote. Akatoka pale na mfuko wa dawa mkononi na shaka kichwani.

Lakini Pasi hakuwa mtu wa kukosea. Pasi alikuwa amemchukia tangu wote wawili wana nywele nyeusi, akamchukia kwa bidii, bila likizo, hata siku za homa. Na asubuhi hiyo alisimama mlangoni mwa duka lao, akaitoa futi ya kupimia shingoni kama mtu anayevua kofia, akasema:

"Umeamkaje, dada yangu?"

Bi Mkasi aligeuka nyuma kuangalia anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Dada yako nani?"

"Wewe. Karibu ndani. Nimekufutia kiti vumbi."

Hapo ndipo shaka ilipomtoka. Daktari mwenye bega la chini unaweza kumbishia. Pasi mwenye kitambaa cha kufutia vumbi, unambishia vipi?

Hawa wawili walikuwa mafundi cherehani, wamegawana chumba chenye mlango mmoja, dirisha moja, na meza ya kukatia iliyokuwa ndefu kama mazishi ya tajiri. Fundi mkuu aliyewafundisha kazi alikufa akawaachia duka sawa kwa sawa, na hadi leo haijulikani kama alifanya hivyo kwa mapenzi au kwa kuwakomoa. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuondoka, walichora mstari wa chaki katikati ya meza. Kila ulipofutika waliuchora upya, na kila walipouchora palizuka vita kwa sababu mmoja alidai umesogea.

Mwanamke walimwita Bi Mkasi kwa sababu ya kifaa chake na kwa sababu ya mdomo wake, na kati ya hivyo viwili kilichohitaji kunolewa mara kwa mara ni kifaa. Mwanamume walimwita Pasi kwa kuwa alikuwa bapa mbele, bapa nyuma, na akipata moto alitoa mvuke puani.

"Suruali hiyo umemshonea mtu au umelishonea kabati?" Pasi angeuliza, mbele ya mteja.

"Afadhali kabati. Wewe ungekuwa kabati tungekufunga mlango, ulimi ukabaki ndani."

"Kola imekaa kama sikio la mbwa aliyepigwa."

"Mbwa mwenyewe si kakaa hapo na futi shingoni?"

Wateja walipenda. Wengine walileta nguo ambazo hazikuchanika ili waje kusikiliza. Walichokuwa hawakioni wateja, na wenyewe wasingekikiri hata kwa kubanwa vidole na mlango, ni kwamba hakuna nguo iliyotoka mle ndani bila kupita chini ya jicho la adui. Bi Mkasi alishona pindo lililonyooka kwa sababu Pasi alikuwa anatazama. Pasi alifumua begi, koti, hata mfuko wa ndani ambao hauonekani na mtu, kwa sababu Bi Mkasi asingeuacha upite. Walichukiana wakawa mafundi bora mjini.

Baada ya kutoka kwa daktari, Bi Mkasi alikaa kitandani kwake akajiuliza anataka nini katika muda uliobaki. Hakutaka kusafiri. Hakutaka kuona theluji. Alitaka jambo moja tu: afe akiwa fundi, asife akiwa mgonjwa. Akaingie dukani, akate, ashone, atukanwe, atukane, hadi mwili ukatae wenyewe. Daktari alisema hakuna ubaya, afanye kazi kadiri nguvu zinavyoruhusu. Ilionekana ombi dogo.

Hakujua watu wakoje.

Habari ilienea mtaani kabla dawa hazijaanza kumchefua. Ghafla kila mtu akawa mtamu. Mwenye nyumba, aliyekuwa akibisha mlango kama polisi, akaanza kuugusa kwa kidole kimoja. Watu waliozoea kubishana naye kuhusu nguo kuchelewa wakawa wanasema chukua muda wako, mama, hakuna haraka, kisha wanajiuma midomo kwa kutaja muda. Mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni alilia hadi mahali pa kupima pakalowa. Bi Mkasi akamwambia ajikaze, akilia kiuno kinavimba na vipimo vinaharibika. Yule mama akalia zaidi, akasema: "Ona, bado ana utani!"

Na mdogo wake je? Huyo ndiye aliyeongoza msafara. Alikuwa karani katika ofisi ya bima, mtu aliyezoea kukadiria misiba ya wenzake kwa kalamu, na sasa msiba umeingia kwao akakosa pa kuuandika. Alihamia nyumbani kwa dada yake na mabegi yake yote. Akaondoa visu. Akaondoa chumvi. Akaanza kuzungumza kwa "sisi": tumekunywa dawa? Tumeenda haja?

"Mimi nimeenda," Bi Mkasi alimjibu. "Wewe sijui."

Mdogo mtu alitabasamu. Ndicho kilichomuudhi Bi Mkasi kuliko kichefuchefu: unamchapa mtu kwa ulimi anakutabasamia, kama unavyomtabasamia mtoto anayekupiga kwa ngumi ndogo.

Jumamosi moja mdogo mtu alimleta mgeni, mwanamume mwenye soksi nyeupe aliyejitambulisha kuwa Mtaalamu wa Amani ya Ndani. Alikaa kwenye kochi, akakunja miguu juu ya mto bila kuulizwa, akaweka mikono magotini.

"Mama, funga macho," alisema. "Jione umekaa kwenye bustani."

"Bustani ya nani?"

"Ya kwako."

"Nani anaifagia?"

"Hakuna anayefagia, mama. Ni bustani ya moyoni. Sasa vuta pumzi. Halafu achia. Achia yote."

"Kwa dawa hizi ninazokunywa, mwanangu, nikiachia yote utazikosa hizo soksi."

Mtaalamu alifungua jicho moja, akalifunga tena. Alikuwa amekwisha kukutana na wagumu. "Tuondoe mizigo," akasema. "Kuna mtu ambaye hujamsamehe?"

"Yupo. Pasi."

Mdogo mtu alishtuka kidogo kule jikoni. Kijiko kilianguka.

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea chochote karibu mwezi mzima. Ndilo kosa lenyewe."

Na ilikuwa kweli. Bi Mkasi alijaribu kila njia. Asubuhi moja alisukuma kitambaa chake hadi ng'ambo ya mstari wa chaki, nchi nzima ya Pasi ikafunikwa. Pasi aliinua vitu vyake, akavipakata mapajani, akashonea hapohapo kama abiria. Siku nyingine Bi Mkasi aliitazama kaptula iliyokuwa imetoka kwenye cherehani la Pasi, akasema imeshonwa na mtu mwenye ugomvi na makalio. Lilikuwa tusi zuri. Alikuwa amelifanyia kazi tangu jana yake.

"Asante kwa maoni," alisema Pasi.

Bi Mkasi aliingia msalani akakaa. Hakulia. Alikuwa na kinyongo cha aina ambayo machozi hayawezi kuibeba. Mtu asiyekutukana ameshakuzika, alijiambia, ila anangoja mwili ufuate.

Basi akaielekeza nguvu yote kwenye kazi. Wakati huohuo akaja mteja wa maana, mwimbaji wa bendi mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuata, akitaka koti la mahameli ya zambarau la kuvaa jukwaani. Mahameli ni kitambaa chenye kiburi. Manyoya yake hulala upande mmoja, na ukikata kipande kimoja kichwa chini, taa ikikipiga kitaonekana rangi nyingine kabisa. Mwanagenzi hufundishwa hilo kabla hajapewa sindano. Bi Mkasi alikata koti lile siku ambayo vidole vilikuwa vinatetemeka na macho yanaona ukungu wa dawa pembeni. Alikata, akapiga bandi ya kushikiza, akashona mikono yote miwili, akaitundika kazi, kisha maumivu yakampiga mgongoni kama teke, akarudi nyumbani mchana.

Mwimbaji alipokuja kulivaa, koti lilimkaa kama ngozi aliyozaliwa nayo. Alijigeuza mbele ya kioo, akajishika kifua, akamshukuru Bi Mkasi, akaimba nusu ya wimbo mle dukani bila kuombwa. Pasi alikuwa kwenye kona yake akishona begi. Mwimbaji alimpita kama anavyopita nguzo.

Siku zile Bi Mkasi alitembea kifua mbele. Bado nimo, alijiambia. Alimwambia mdogo wake, akamwambia mwenye nyumba, akamwambia hata yule mwenye soksi: saratani imekula kongosho lakini mikono haijaigusa. Alikula chakula chote. Alilala.

Kisha mwimbaji akarudi kuomba tai ndogo ya kipepeo ya mahameli ileile. Rahisi. Bi Mkasi alikumbuka kabisa kwamba kilibaki kipande kikubwa, akakikunja akakiweka chini ya meza. Pasi alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Bi Mkasi alitafuta chini ya meza, hakipo. Akatafuta kwenye kikapu chake, hakipo. Akavuka mstari hadi upande wa Pasi, kwa kuwa siku hizi haukuwa na mlinzi, akatia mkono kwenye gunia lake la mabaki.

Alichokitoa hakikuwa kipande. Kilikuwa mkono wa koti, mzima, wa zambarau, umefumuliwa begani. Alama za chaki zilizokuwa juu yake zilikuwa za mkono wake mwenyewe. Akaupitishia kiganja kutoka begani kwenda kwenye kifundo. Mahameli ilisimama ikamkwaruza. Akakirudisha kiganja nyuma, ikalala laini kama paka.

Aliukata kichwa chini.

Halafu akaiendea kamba ya nguo zilizokwisha, zile zinazosubiri wenyewe, akaanza kuzigeuza ndani nje. Sketi ya mwalimu. Suruali ya yule mzee wa benki. Gauni la mama wa machozi. Pasi alikuwa na tabia ya kumalizia mshono kwa kurudi nyuma, tena na tena, kama mtu anayefunga mlango kisha anarudi kuhakikisha ameufunga. Bi Mkasi alikuwa amemcheka kwa hilo tangu ujana. Na sasa mishono ilikuwa hiyohiyo, kila nguo, begani, kiunoni, kwenye zipu. Sehemu hizo hapakuwa na mshono wake hata mmoja.

Pasi aliingia akiwa na kikombe. Alimwona. Akauona mkono wa koti. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hii nini?" aliuliza Bi Mkasi.

"Mkono wa koti."

"Wa nani?"

"Dada yangu, kaa kwanza…"

"Ukiniita dada tena nakutoboa! Wa nani?"

"Wako."

"Na ule alioondoka nao mwimbaji?"

"Wangu. Na mishono yote ya koti lile."

"Nani kakutuma?"

"Nani wa kunituma mimi? Mdogo wako alikuja hapa." Pasi alishusha pumzi iliyotoka na mvuke kidogo, ya kwanza baada ya siku nyingi. "Akalia mpaka nikafunika cherehani lisiingie maji. Akaniapisha. Nisikukere, nisikujibu, nikusalimie asubuhi. Eti hasira itakula maini."

"Kongosho!"

"Kongosho, maini, mimi najua? Nauza nyama?"

"Kwa hiyo mwezi mzima mimi nachezea vitambaa kama mtoto, na wewe unashona."

Pasi aliirudisha sketi ya mwalimu kwenye kamba.

"Unanihurumia," alisema Bi Mkasi, na neno hilo alilitoa kama anatema mbegu chungu. "Wewe. Wewe, kiraka, ubao wa kupigia nguo pasi, mtu ambaye fundi mkuu alimwambia ajaribu kazi ya kuuza maji! Wewe unanihurumia mimi!"

Akamtupia ule mkono wa koti usoni. Ukamkaa Pasi begani, ukaning'inia pale, zambarau, kama mlevi aliyeegemea rafiki.

Ndipo Pasi alipopasuka.

"Unataka? Unataka kweli? Haya, sikia! Sketi ya mwalimu umeitia zipu kombo mpaka angefungua na kufunga kwa msaada wa majirani! Mzee wa benki suruali yake mguu mmoja umetangulia, mwingine unauliza njia! Gauni la yule mama anayelia, alikuwa na haki ya kulia, umelishona kwapa likaelekea mgongoni! Nimefumua mpaka kucha zimeisha. Mkono wako wa mkasi umeshakufa, umekutangulia, na jicho linaufuata. Na wewe unazunguka humu umeinua kidevu kama tausi aliyenyonyolewa, unasifiwa! Kwa kazi yangu! Koti lile la mahameli ndilo koti bora nililowahi kushona tangu nizaliwe, na yule tumbo kanipita hapa hata habari yako hakuniambia. Akaimba! Akakuimbia wewe!"

Macho yalikuwa yamemtoka. Mwezi mzima wa matusi ulikuwa umemkaa tumboni, hata chakula kilikuwa kinamkataa.

Bi Mkasi alishuka polepole hadi sakafuni, akakaa katikati ya vipande vya nyuzi, mgongo kwenye mguu wa meza. Pasi akadhani amemuua. Akakimbilia maji, akayamwaga nusu njiani.

"Usinipe maji," alisema Bi Mkasi. "Mkono umekufa?"

Pasi aliutazama ukuta. "Wa kukatia, umekufa."

"Sema bila kuangalia ukuta."

"Umekufa." Akamtazama. "Na hautarudi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Daktari alisema kutakuwa na udhaifu wa hapa na pale. Mdogo wake alisema tutapata nguvu. Mwenye soksi alisema mwili ni vazi tu, kauli ambayo fundi cherehani yeyote angeipinga. Bi Mkasi aliinua kiganja chake cha kulia akakitazama kinavyotikisika. Akahisi huzuni, huzuni safi isiyo na sukari. Chini yake, cha ajabu, palikuwa na nafasi ya kupumua, kama kufungua kishikizo cha kiuno baada ya kutwa nzima ya kujibana. Kuna mtu mmoja alikuwa bado anazungumza naye kama mtu.

"Hakuna hata kitu kimoja ulichokiacha?" aliuliza mwishowe. "Katika zote?"

Pasi alikuna shingo. Lilikuwa swali alilotarajia kufa bila kulijibu.

"Matundu," alisema kwa uchungu.

"Matundu gani?"

"Ya vifungo. Sikuyagusa. Nilitafuta sababu ya kuyafumua, Mungu anajua nilitafuta. Sikuipata."

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ningetaka kukupaka mafuta ningesifu kola zako. Kola zako ni aibu. Mtu akizivaa aende na barakoa."

Bi Mkasi alifikiri. Tundu la kifungo hushonwa kwa sindano, mtu amekaa, kifundo cha mkono kimelala mezani hakina pa kutetemekea. Halihitaji macho sana. Vidole vinajua njia. Ilikuwa inawezekana. Ilikuwa pia inawezekana kwamba ni huruma imebadili nguo.

"Basi wewe kata, wewe shona," alisema. "Mimi natia matundu. Lakini sikiliza, kiraka. Ukinipitishia tundu bovu kwa kunihurumia, nikifa narudi, nakaa juu ya cherehani lako, na sishuki."

"Ukirudi njoo na uzi. Wako unakwisha."

Kesho yake Pasi alimwekea mbele koti la kijivu lenye vifungo vitano. Bi Mkasi alishona kutwa nzima, akipumzika, akimeza vidonge, akiegemea ukuta maumivu yanapopita, kisha akiendelea. Jioni Pasi alilipeleka koti dirishani. Akatazama tundu la kwanza kwa muda mrefu, akalinusa, akalivuta. La pili. Bi Mkasi alijifanya anakunja futi. Akayamaliza yote matano, kisha akalirudia la tatu, akalitia kucha, akalifumua lote mbele ya macho yake, akamrudishia.

Ndipo Bi Mkasi alipojua kwamba yale mengine manne ni mazuri.

"Una kucha za mchawi!" akampigia kelele. "Mshono ule ulikuwa na kosa gani?"

"Umelala kama lofa. Amka nao, urudi."

Usingizi alioupata siku hiyo haukuhitaji bustani.

Waliendelea hivyo hadi miguu ilipokataa kumfikisha dukani. Bi Mkasi alidhani huo ndio mwisho wake. Lakini asubuhi iliyofuata mlango wa nyumbani ulipigwa teke, kwa kuwa mikono ya mpigaji ilijaa makoti. Mdogo mtu alifungua. Pasi alimpita bila salamu, akaingia chumbani kwa mgonjwa, akatupa mzigo kitandani.

"Umelala? Watu wanasubiri nguo zao, malkia."

Mdogo mtu alishikilia fremu ya mlango. "Wewe! Uliniapia!"

"Nilikuapia sitamkera. Huyu akikerwa anapona kidogo. Muulize."

"Daktari alisema…"

"Daktari kwanza akashonewe bega," alisema Bi Mkasi kutoka kitandani, tayari ameshika sindano.

Mwili ulizidi kuisha. Alikuwa anashona tundu moja kwa siku, mara nyingine nusu. Mwenye soksi alikuja kumuaga kwa upole, akakuta nyumba inanguruma kwa matusi, akauliza kama mama amefikia hatua ya amani.

"Ningeshafika," alisema Bi Mkasi, "ila kila nikikaribia nakukuta umekaa njiani umekunja miguu."

Hakurudi tena.

Mdogo mtu ndiye aliyechelewa. Aliendelea na sauti yake ya pamba, na uji wake usio na chumvi, na "sisi" yake. Mpaka mchana mmoja alipoleta bakuli akamkuta dada yake amekata uzi kwa meno, damu kidogo mdomoni, anamfokea Pasi kuhusu kitambaa.

"Tunakula kwanza, dada," alisema.

"Kula wewe. Uji wako una ladha ya bahasha."

Na bakuli likagonga meza kwa nguvu hata uji ukaruka.

"Basi usile! Usile! Kufa na njaa! Umekuwa mkorofi tangu tuko wadogo, ulinifungia chooni, ulikata nywele za mwanasesere wangu, na sasa unakufa, unaniacha peke yangu, halafu unanitukania uji! Nimechoka na wewe! Nimechoka!" Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamejaa hofu.

Pasi alipata kazi ya kuchunguza dirisha.

Bi Mkasi alimtazama mdogo wake kwa furaha ya mtu aliyemwona ndugu yake akishuka kutoka safari ndefu. "Hatimaye," alisema. "Nilidhani wamekubadilisha. Njoo ukae hapa. Hapa, sio huko mwisho kama mgeni."

Mdogo mtu alikaa. Akalia, kilio kibaya chenye kamasi, si kile cha kupigia watu simu. Bi Mkasi alimwacha alie, akamshika kisigino kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alikiri habari ya choo. Nywele za mwanasesere alikataa katakata. Wakabishana kuhusu hizo hadi uji ukapoa, na mdogo mtu akaenda jikoni akautia chumvi, akarudi, wakala kutoka bakuli moja.

"Mmemaliza?" aliuliza Pasi, bado anatazama dirisha. "Kuna mtu anaoa Ijumaa na koti lake halifungi."

Bi Mkasi alijiinua kwenye mito. Ilichukua muda; mdogo wake alimsukuma mgongoni, akilaumu uzito wa mifupa. Akaishika ile sindano, akashona polepole, Pasi na mdogo mtu wakigombana pembeni kuhusu nani amekalia mkasi. Alipomaliza alimrushia Pasi koti, lakini halikufika. Lilianguka sakafuni, Pasi akaliokota.

Akalipeleka kwenye mwanga. Akatazama sana.

"Tundu kubwa gani hili?" alisema. "Kifungo kitatoka chenyewe kwenda kutafuta hewa. Bwana harusi atasimama mbele za watu tumbo wazi."

"Macho yako ndiyo tumbo wazi. Mdogo wangu, mwangalie huyu, haoni!"

Mdogo mtu alilichukua koti, akalitazama tundu yeye pia, kwa muda.

"Ni kubwa kweli, dada," alisema.

Bi Mkasi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa chuki isiyo na doa.

"Lete hapa," akasema, akanyoosha mkono.